Windows ya Zamani na Watoto wa Usiku

Nyie vijana mnaopiga Windows kwenye kompyuta kwa flashi moja, chai haijapoa mmeshamaliza, hebu sogezeni viti. Siwasemi vibaya. Nawaonea wivu kidogo tu. Mimi nimetengeneza kompyuta Kasulu na Kibondo tangu enzi za disketi, ndiyo maana mjini wananiita Mzee Disketi, na siku hizi kuna watoto wanadhani hilo ni jina la ukoo. Nimestaafu. Ile meza yangu ya kazi mke wangu anaanikia maharage. Lakini mwaka jana binti mmoja alinirudisha kazini kwa wiki mbili, na kazi aliyoniletea imenifundisha kuliko zote nilizowahi kufanya, maana ndani yake nilimkuta mkosaji ambaye sikuwa namtafuta.

Alikuja asubuhi na mama yake. Binti anaitwa Anjelina, amemaliza kidato cha sita, mrefu, anaongea polepole. Mama yake ni mkulima wa Makere, mmoja wa wale waliokuja wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, wakapata uraia, wakabaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kama ni kioo cha simu kimevunjika, mimi siyo mtu wake."

"Siyo simu, babu. Ni tarehe yangu ya kuzaliwa. Wanasema iko ndani ya kompyuta, na kompyuta imekufa."

Wakaniwekea karatasi mbili juu ya maharage. Ya kwanza ni kadi ya kliniki, imeandikwa kwa mkono wa mkunga: amezaliwa Jumapili, tarehe kumi na nne, saa 9:10 usiku. Ya pili imechapwa na kompyuta ya zahanati hiyohiyo ya kanisa alikozaliwa: Jumamosi, tarehe kumi na tatu, 9:10 PM. Mtoto mmoja, mama mmoja, zahanati moja, siku mbili.

Anjelina alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ofisa wa vyeti akaziona karatasi mbili zinagombana, akasema moja ni ya kughushi, na aliyoitilia shaka ni ile ya mkono. Sasa vyeti vyote vya shule vya binti vina tarehe kumi na nne. Akikubali kumi na tatu, vya shule vinakuwa vya uongo. Aking'ang'ania kumi na nne, kompyuta inamwita mwongo. Ofisa akasema wapeleke rejista yenyewe, siyo nakala. Rejista ya karatasi imeliwa na mchwa. Iliyobaki ni kompyuta, na kompyuta iko stoo haiwaki.

"Nimemzaa usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi," mama akasema. "Kulipokucha nikasikia watu wanapita na matawi wanaimba, mimi namnyonyesha huyu. Ofisa ananiambia, mama, umesahau. Nisahau nini? Ni jewe namuvyaye! Mimi ndiye niliyemzaa!"

Mama alipokwenda kunawa mikono, Anjelina akaninong'oneza, "Babu, huenda kweli amesahau. Ni miaka mingi."

Nami niliwaza hivyohivyo, na naona aibu kusema.

Kabla sijaendelea, niwaambie habari za aliyenifundisha, maana bila yeye kisa hiki kingeishia pale pale. Alikuwa Mkongo, mkimbizi, Mzee Floribert, fundi wa redio na kompyuta kambini. Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa kila mahali. Siku ya kwanza nilipofika kwake na bisibisi mkononi, nikaanza kufungua mashine ya watu, akanipiga kikofi mkononi.

"Wee, petit, doucement! Polepole! Usifungue. Sikiya kwanza. Machine inasemaka."

Na kweli inasema. Mlio mmoja mfupi, mambo sawa. Mlio mrefu unaorudiarudia, kachomoe ramu, kile kijiti cha kumbukumbu, uifute kwa kifutio cha penseli, uirudishe. Kimya kabisa, angalia umeme kabla hujalaumu kitu kingine. Mara mbili nimetoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa sapulai, kile kisanduku cha umeme, na mara zote mbili mwenye mashine aliapa kwamba amerogwa.

Jambo la pili la Mzee Floribert lilinichosha kuliko yote. Alinilazimisha kuandika. "Kila kitu unafanya ku machine ya watu, andika. Leo unajua, kesho utakuwa umesahau, na machine haitakusaidia." Basi nikawa na madaftari ya shule, yale ya kurasa themanini. Kila mashine, kila nilichogusa, na mwisho wa kila kazi naandika neno moja: Sawa. Mke wangu amenitishia mara nyingi kuyawashia moto. Nilimwambia siku akiyachoma na mimi aniweke humohumo.

Si kwamba nilikuwa fundi hodari tangu mwanzo. Kuna mfanyabiashara mmoja wa hapa Kasulu nilimpigia Windows ya Kifaransa kwa sababu sidii pekee niliyokuwa nayo ilitoka kambini kwa Floribert. Nikamwambia atazoea. Katibu wake akakariri vitufe kwa mahali vilipo, mwaka mzima. Nilipokuja kumwekea ya Kiingereza akalia, akasema nimemharibia kazi. Mpaka leo akitaka kuhifadhi barua anasema "ngoja niifanye *enregistrer*." Nikimwona sokoni napita njia nyingine.

Haya, tuirudie kompyuta ya zahanati. Mganga mfawidhi wa sasa aliniandikia barua ya ruhusa, kwa sharti kwamba nitafungua rejista mbele ya mkunga aliyeiandika, kwa sababu ndani kuna siri za watu. Sharti la haki kabisa. Nilipoifungua mashine nikakuta kapasita kwenye mazabodi, ile sahani kuu ya ndani, zimevimba kama maandazi, nyingine zimepasuka. Mazabodi imekufa. Lakini diski, nilipoitegea sikio na kuiwasha, ilizunguka vizuri, haigongi. Diski ikigonga, vijana, izimeni hapohapo. Kila sekunde unayoiacha inagonga unakwangua kumbukumbu za mtu.

Programu ya rejista iliandikwa kwa ajili ya Windows tisini na nane. Windows za leo zinaikataa, haifunguki kabisa. Kwa hiyo nilihitaji mashine nyingine ya zamani, Windows ya zamani iliyo safi, halafu niichomeke ile diski pembeni kama ya pili, niisome bila kuiandikia kitu. Hilo ndilo la kwanza kwenye kazi ya aina hii: diski ya mtu usiiandikie hata herufi. Fanya fujo zako kwenye diski yako mwenyewe.

Mashine ya zamani ninayo, mke wangu alikuwa ameiwekea kopo la maua. Nikakosa sidii. Mjukuu wa jirani akaniambia, "Mzee, si upakue tu mtandaoni?" Nikapakua. Faili la kwanza lilikuja na virusi, la pili liliishia nusu, bando likaisha. Ndipo nikakumbuka: nilipostaafu nilimpa shemeji yangu wa Kagerankanda kiroba kizima cha sidii zangu, afukuzie ndege kwenye mtama.

Nikaenda. Zipo kweli, zinaning'inia kwenye kamba shamba zima, zinameremeta, ndege wanadonoa mtama chini yake bila wasiwasi wowote. Nikapita mstari kwa mstari nasoma mwandiko wangu. Shemeji ananifuata nyuma, "Shemeji, umechanganyikiwa? Unasoma nini kwenye mtama?" Nikaipata Windows tisini na nane kati ya nyimbo za kwaya na sidii ya kujifunza kuchapa. Nikaiinua kwenye jua. Jamani, nikaona matundu madogo kama ya sindano, mwanga unapita. Mikwaruzo ya chini unaweza kuisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Lakini mwanga ukipita, rangi ya juu imebanduka, na data imeondoka nayo. Niliirudisha kwenye kamba.

Mtu wa mwisho niliyemfikiria alikuwa Mzee Hamadi wa Kibondo, mwenye duka la vitambaa, asili yake pwani, Kiswahili chake kimenyooka hadi unaona haya kufungua mdomo. Zamani nilimpigia Windows tisini na nane dukani. Nikapanda basi la asubuhi.

"Karibu, bwana fundi. Umetupotea mno."

Nikamweleza. Akaingia nyuma, akarudi na sidii ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya kitambaa, na ule ufunguo wa herufi na tarakimu ambao Windows huuuliza ikiwekwa, umeandikwa kwa kalamu, mwandiko wangu.

"Mzee Hamadi! Umeitunza muda wote huu?"

"Uliniambia nisiitupe."

"Lakini ile kompyuta uliiuza zamani."

"Hukuniambia niitunze mpaka lini," akasema, na hakuwa anatania. "Utairudisha?"

Nikaapa nitairudisha. Huo ufunguo, vijana, ndio unaowatoa watu jasho. Mara nyingi umebandikwa ubavuni mwa kompyuta, na huku kwetu mtu akipenda kompyuta yake anaifuta kila Jumamosi kwa kitambaa kibichi mpaka herufi zinayeyuka. Tangu nigundue hilo nilikuwa nauandika kwa penseli ndani ya mfuniko. Penseli haiyeyuki.

Nyumbani nikaanza. Disketi yangu ya mwisho ya kuwashia, nimeitunza kwenye kopo la kahawa, ikasoma. Windows ikaanza kujipiga, halafu ikagoma katikati na maneno kwamba kumbukumbu haitoshi. Ningekuwa kijana ningekimbia kutafuta ramu ya kuongeza. Kumbe ni kinyume. Windows ile ikikuta ramu nyingi mno inachanganyikiwa, inasema haitoshi. Nikachomoa ramu moja kati ya mbili, ikaenda vizuri. Hilo hamtalikuta kwenye kitabu, andikeni.

Nikawaita wenyewe: Anjelina, mama yake, na mkunga. Nesi Perpetua amestaafu kabla yangu, anatembelea fimbo, lakini ulimi haujastaafu. Amezalisha nusu ya watu mnaowaona barabarani. Aliingia akaniangalia juu mpaka chini.

"Mwakeye, fundi. Kumbe na wewe umezeeka."

"Mwakeye, Nesi. Nilikuwa nakusubiri wewe uanze."

Nilichomeka ile diski, nikahamisha kijumpa chake, kile kipini kidogo cha nyuma, ijijue kuwa ni ya pili, nikawasha. Programu ya rejista ikafunguka, maandishi meupe kwenye rangi ya bluu, kama ilivyokuwa zamani. Nesi Perpetua akaweka mkono kifuani. Programu ile ilikuwa rahisi: mtoto akizaliwa unabonyeza kitufe cha mtoto mpya, yenyewe inachukua tarehe na saa kutoka kwenye saa ya kompyuta, wewe unajaza jina na uzito. Zahanati ilikuwa na umeme wa jua na betri zake, na Nesi alikuwa na sifa: mtoto anaingia kwenye kompyuta kabla hajaoshwa, iwe mchana, iwe usiku.

Tukamtafuta Anjelina. Tukamkuta. Tarehe kumi na tatu, 9:10 PM.

Niwaambie kweli, nilikuwa nimeomba Mungu iwe ni kosa la printa. Anjelina akakaa chini taratibu, akasema, "Basi." Neno hilo tu. Mama yake akasimama wima, mikono kiunoni. Nesi akanigeukia kwa ukali.

"Betri. Si mnasema ndani kuna betri ya saa? Imekufa hiyo."

"Nesi, betri ya saa ikifa haikosei siku moja. Inakosea miaka. Kompyuta inaamka inadhani ndiyo kwanza imetengenezwa kiwandani."

"Wewe unasema niliandika uongo?"

"Sijasema hivyo."

"Watu wanasema nilihongwa soda nikaandika tarehe. Nawasikia! Mimi nimeandika usiku ule kwa mkono huu. Tulifundishwa: ikipita saa sita ya usiku, tarehe imegeuka. Sogea hapo!"

Akanisukuma kwa fimbo, akashika kipanya, akaanza kushuka rejista mtoto kwa mtoto, anawataja. Huyu wa mwalimu. Huyu alitanguliza miguu. Huyu Mungu amrehemu. Alikuwa na kumbukumbu ambayo hakuna diski inayoifikia. Halafu akasimama.

"Hii ni nini?"

Walikuwa mapacha, Bukuru na Butoyi. Bukuru: tarehe ishirini, 11:30 PM. Butoyi: tarehe ishirini na moja, 12:15 AM.

"Hawa nawakumbuka," akasema. "Bukuru alitoka alfajiri, majogoo yanawika. Saa kumi na moja na nusu, sawasawa. Butoyi akachelewa, akatoka jua limechomoza, nikazima taa. Saa kumi na mbili na robo, sawasawa. Asubuhi moja hiyohiyo! Sasa tarehe imegeukaje hapo katikati?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaanza kuhesabu saa kwa vidole.

Nisikilizeni hapa. Siku zote hizo, mimi, ofisa, Anjelina, sote tuliziona saa zinafanana: tisa na kumi usiku, tisa na kumi PM. Tukazigombeza tarehe. Nilisoma tarakimu kama Mha, siyo kama kompyuta. Kwa kompyuta, 9:10 PM ni saa tatu na dakika kumi usiku. Mama alijifungua saa tisa na dakika kumi, ambayo kompyuta ilipaswa kuiandika 3:10 AM. Mtu alikuwa ameirudisha saa ya mashine ile nyuma kwa saa sita, ili isome kama sisi tunavyosema. Mchana kutwa haikuonekana, tarehe ilikuwa sahihi, kila mtu alifurahi. Lakini kompyuta inageuza tarehe kwa usiku wake wa manane, na usiku wake wa manane sasa ulikuwa umeangukia alfajiri yetu. Kila mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita usiku na kabla ya jua, aliandikwa siku ya nyuma.

"Nani aliigusa saa hii?" Nesi akauliza.

Nikasema nakuja. Nikaenda chumbani, nikapekua madaftari mpaka nikalipata la mwaka ule. Nilikuwa najua kabla sijafungua. Mwandiko wangu wa ujana, wa majivuno, wenye mikia: *Kompyuta ya zahanati. Nimepiga Windows 98. Nimefunga printa. Nesi kasema saa haifanani na ya ukutani, nimeirekebisha. Sawa.*

Nikakumbuka yote. Saa ya ukutani ya Nesi Perpetua ilikuwa ya mishale, ameitega kwa saa za Kiswahili, asubuhi saa mbili mshale uko kwenye mbili. Kompyuta ikasema nane. Akaniuliza, "Fundi, chombo chenu kipya mbona kimepotea?" Nami, kijana, nataka sifa, nikacheka, nikabonyeza mara tatu, ikasoma mbili. Wakanipigia makofi. Wakanipa na papai.

Nilikaa kitandani na daftari. Niwafiche nini? Nilifikiria kusema ni betri. Nesi mwenyewe alishaitaja. Ofisa angeamini, nani anajua mambo ya betri? Ningeweza kuandika barua yenye maneno makubwa ya kiufundi na jina langu lingebaki safi, Mzee Disketi, fundi asiyekosea. Lakini uongo wa betri usingemfikisha binti popote, maana betri iliyokufa ingefanya rejista nzima isiaminike, na tarehe kumi na nne ingebaki bila shahidi. Na zaidi ya hapo, kuna mama alikuwa sebuleni kwangu ambaye ameitwa msahaulifu kwa ajili ya kubonyeza kwangu mara tatu.

Nikatoka, nikawasomea.

Nesi Perpetua akasema, "Aliyekwambia ni mimi. Na mimi niandike humo." Basi, hata matusi hakunipa, na nilikuwa nimejiandaa nayo.

Mama yake Anjelina hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama ile skrini ya bluu ambayo hawezi kuisoma.

"Kumbe sikusahau," akasema. Akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Kumbe sikusahau."

Anjelina akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu. "Mama, nisamehe. Na mimi nilidhani hivyo." Mke wangu akaanza kulia jikoni, hata hajui kisa ni nini.

Tulikwenda kwa ofisa sote wanne, na barua yenye sahihi mbili, yangu na ya Nesi, daftari langu, na orodha ya mapacha kutoka kwenye rejista. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alisoma yote, akarudia ukurasa wa daftari, akaligeuza akaangalia pini zilizoota kutu.

"Mzee, unakiri kuwa kosa ni lako?"

"Nakiri."

"Lakini kompyuta ya zahanati kurudishwa saa sita nyuma, mtu mzima, fundi... Ni vigumu kuamini. Nani anafanya hivyo?"

Akasema ataipokea barua, atawasiliana na wakubwa wake, turudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu, na chuo kinafunga mlango baada ya siku tano. Akagonga muhuri wa kupokea, akaweka tarehe. Kando yake kulikuwa na nafasi ya saa. Akainua mkono, akatazama saa yake ya mkononi, ya mishale, akaandika 4:20.

Anjelina akainama mbele. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa.

"Samahani, mheshimiwa. Hiyo saa nne na ishirini, mtu wa chuo akiisoma, si atasema tumekuja kwako alfajiri?"

Ofisa akatazama alichoandika. Akatazama mkono wake. Akatazama simu yake mezani, inasoma 10:20. Nesi Perpetua akakohoa, kikohozi cha makusudi. Yule bwana akaegemea kiti, akacheka puani, kwanza kidogo, halafu akashindwa kujizuia. Alipomaliza alijifuta macho, akavuta fomu ya Anjelina, na kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa akaandika kumi na nne.

Tulipokuwa tunatoka akaniita. "Mzee. Na wengine je?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Ndiyo maana sidii ya Mzee Hamadi sijairudisha bado, na yeye ananipigia simu kila mwezi kuniuliza inaendeleaje, kana kwamba ni mgonjwa. Ile mashine iko zahanati sasa. Kila Alhamisi mimi na Nesi Perpetua tunakaa pale kuanzia asubuhi, yeye anasoma, mimi naandika tarehe sahihi, mtoto mmoja mmoja. Anjelina akiwa likizo huja kusaidia, na ananisahihisha mwandiko.

Kwa hiyo nyie mliozaliwa pale, mkiwa na karatasi iliyochapwa, nendeni mkaitazame. Ukiona PM, na mama yako anakwambia hapana, ilikuwa usiku sana, kulikuwa kunakaribia kucha, usibishane naye. Mchukue, njooni Alhamisi. Daftari langu liko mezani, ukurasa umekunjwa, na lile neno Sawa nimelikata kwa mstari.